Kinyesi Kimetangulia Chuoni

Binti mmoja wa kata ya Masieda anaomba kusomea shahada ya lishe chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Bibi yake ana swali.

"Mjukuu wangu, yaani unakwenda Morogoro kufundishwa kula?"

"Siyo kula, bibi. Lishe."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa nakulisha nini, kokoto?"

Bibi asilaumiwe. Hapo jirani, bonde la Yaeda, Wahadzabe hula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, na wataalamu wa lishe hupanda ndege kuja kuwachungulia sahani, au tuseme kibuyu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa bakteria wa matumboni mwao: Wahadzabe 27 walilinganishwa na Waitaliano 16 wa mji wa Bologna, na matumbo ya Wahadzabe yakaonekana kuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Sampuli zilikuwa za kinyesi. Kinyesi hicho kikapokelewa maabara za wasomi bila cheti cha kuzaliwa, bila picha ndogo, bila kuulizwa kilipata alama gani ya Kemia.

Binti, mwenye tumbo lake zima na akili juu, anaulizwa yote hayo, tena mtandaoni, mtandao ukiwa na moyo wa kuja. Halafu kuna ada ya maombi. Bibi kanuna, kisha kauza kuku wawili watagao. Nyumba nzima sasa haina mayai, ili mmoja akasomee umuhimu wa mayai.