Tiba ya Tepu Nyeusi

Gari la kisasa la familia linalokatiza vumbi la Kihurio, chini ya Milima ya Upare, hubeba kompyuta ambazo, hitilafu ikitokea, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi msimbo, yaani namba inayotaja dalili, wala si ugonjwa. Msimbo P0562, kwa mfano, husema tu kwamba volti zimeshuka. Haumtaji mkosaji, awe ni betri iliyochoka, alteneta inayoichaji, au waya wa ethi ulioshika kutu. Hata hivyo, mwenye gari mheshimiwa, akiisha kununua sensa zisizohusika, huona kupima volti ni kazi ya maskini, huiziba taa kwa tepu nyeusi, na gari, kwa mujibu wa dashibodi, hupona.