Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Kutisha kwa Hadithi ya Bibi, Bila Kumuua Bibi

Kijana wa Mpala, una simu yenye kamera, una rafiki mwenye sola, na umeona kwenye kibanda cha video huko Kalemie kwamba hadithi za watoto siku hizi zinauzwa kwa damu. Hesabu yako si mbaya. Mwaka 2022 haki miliki ya kitabu cha kwanza cha Winnie-the-Pooh, dubu mpole wa watoto wa Kiingereza, ilikwisha muda wake Marekani. Mara mtengenezaji filamu Rhys Frake-Waterfield akamdaka, akamvika mtu kinyago cha mpira na kumgeuza dubu kuwa muuaji. Filamu ilitoka 2023. Iligharimu chini ya dola 100,000 na kuingiza zaidi ya milioni tano. Mwaka uliofuata ikazoa tuzo tano za Razzie, zile wanazopewa wabovu, na ya filamu mbovu kuliko zote ikiwamo. Pesa ilipatikana na aibu ikapatikana. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka ya kwanza bila ya pili.

Anza kwa kumfukuza mbwa mwitu wa hadithi za Wazungu. Ukimleta mbwa mwitu mbele ya watu waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, watauliza huyo mbwa ni wa nani. Mamba wanamjua. Radi wanaijua. Wanaujua upepo unaoamka usiku wakati wavuvi wako mbali na taa zao. Hofu haisafirishwi kwa ndege. Inavunwa pale mtu anapoishi.

Usidanganyike pia kwamba Wazungu wameanza jana kutia damu kwenye hadithi zao. Mfaransa Perrault alipoandika habari za binti mwenye kofia nyekundu mwaka 1697, mbwa mwitu alimla na hadithi ikaishia hapo, hakuna aliyekuja kumwokoa. Ndugu wawili Grimm, mwaka 1812, walimchezesha malkia mwovu ndani ya viatu vya chuma vilivyopashwa moto mpaka akafa. Ni Walt Disney aliyevificha viatu hivyo katika filamu yake ya 1937. Kwa hiyo hawa wanaojisifu kwamba wamezitia giza hadithi za kale wanarudisha mali iliyokuwa imefungiwa kabatini. Wanaojua wanachorudisha, filamu zao zinauma kweli. Mnorwei Emilie Blichfeldt, katika filamu yake ya 2025, alimfuata dada wa kambo asiye mzuri wa sura katika ile hadithi ya kale ya binti na kiatu chake, akatuonyesha anavyokatwa, anavyoshonwa na anavyojikata vidole vya mguu ili aingie kwenye kiatu. Inatisha sana, na kila tone la damu lina sababu: binti ameambiwa mwili wake ndio mahari yake. Jiulize swali hili kabla ya kununua rangi nyekundu. Damu hii inatoka kwa sababu gani?

Sisi tunayo jibu la zamani. Hadithi ya nunda mla watu ilisimuliwa Zanzibar, Edward Steere akaichapa mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anakula ndama. Watu wanakuja kushtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anahamia kwenye mbuzi, jibu ni lile lile. Anahamia kwenye ng'ombe, halafu kwenye watu, na bado mtawala anamtetea mnyama wake, mpaka siku paka huyo, ambaye ndiye nunda, anapowaua watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo macho yanamfunguka. Itazame vizuri, maana somo lote la filamu ya kutisha limo humo. Kinachotisha kuliko meno ya nunda ni baraza la mashtaka. Mtu amefunga safari na ushahidi wake mkononi, anarudishwa nyumbani kwa jibu moja lisilobadilika. Piga picha baraza hilo mara nne, sehemu ileile, kiti kilekile, na kila mara wanaoshtaki wawe wamepungua. Hutahitaji kinyago. Mtazamaji wa mashariki ya Kongo atalielewa baraza hilo kabla hujamwonyesha ukucha mmoja.

Ukitaka mnyama mwingine, Mpala yenyewe inaye, na huyu alikuwa mtu. Mwaka 1883 afisa wa Kibelgiji Émile Storms alivuka ziwa na kujenga boma hapa. Alifanya udugu wa damu na chifu Mpala. Mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia chifu Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa na kumpelekea bwana wao. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji, likapimwa na wataalamu na kuhifadhiwa kwa miaka mingi Brussels. Sanamu ya Storms ilisimama katika bustani ya jiji hilo mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Mgeni aliyetoka ng'ambo ya maji, boma juu ya ziwa, vichwa vya watu kama kumbukumbu za safari: Grimm hawakubuni zimwi la namna hii. Lakini usimpake Lusinga mafuta. Yeye naye alivamia vijiji na kuuza watu, na wapo waliopumua alipokufa. Filamu itakayobeba yote mawili, ukatili wa aliyeuawa na ukatili wa aliyeua, itakuwa ya watu wazima. Itakayochagua upande mmoja kwa urahisi itakuwa ya kibanda cha video, siku mbili na kwisha.

Sasa tumefika penye hatari, na hapa naomba usisome haraka. Usimweke bibi kuwa mchawi. Ulaya, mwanamke mzee wa nyumba ya peremende anaweza kusukumwa ndani ya tanuri na watazamaji wakarudi nyumbani salama, kwa sababu hakuna jirani atakayechomwa kesho yake. Kwetu filamu haiishii kwenye kioo. Kule Usukuma, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi, wa miaka hamsini ya kuinamia mafiga na kupuliza kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Ukimpaka mwigizaji wako macho mekundu ili atishe, umewapa watu alama ya kumtafutia mama wa mtu.

Na mtoto vilevile. Katika toleo la 1812 la Hansel na Gretel ni mama mzazi anayeshauri watoto wakatupwe msituni, kwa sababu ya njaa. Baadaye ndipo akageuzwa mama wa kambo. Kongo tunaijua njaa hiyo, na tunawajua watoto hao. Mzazi anakufa, mtoto anahamia kwa ndugu, chakula hakitoshi, biashara inakwama, kisha mtu anasema mchawi ni huyu mdogo. Anafukuzwa na kulala sokoni. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, kifungu cha 160, inampeleka gerezani anayemzushia hadharani. Filamu ya mtoto mwenye macho meupe anayekula wazazi wake usiku inafanya kazi ya mshutumu, hata kama mwishoni umeandika kwamba ni burudani tu.

Njia ya kutokea ipo. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipotengeneza Augure mwaka 2023 aliisimamisha kamera upande wa aliyeshutumiwa. Koffi anarudi nyumbani kutoka Ubelgiji, anampakata mtoto mchanga, pua yake inatoka damu, matone yanamwangukia mtoto, na ukoo mzima unabadilika sura. Tone la damu ya pua, basi, na mwili unakusisimka kwa sababu ya wanaotazama. Filamu ilipewa tuzo Cannes. Fanya hivyo: acha uchawi usijulikane upo au haupo, onyesha wanavyomzunguka mshutumiwa.

Mengine ni ya ufundi, na ni mepesi. Piga usiku, taa moja. Usifunike kimya kwa muziki wa kupakua. Tumia wimbo wa ndani ya hadithi yenyewe, kama ule wa binti aliyefungiwa ndani ya ngoma ya zimwi, anayeimba kila ngoma inapopigwa mpaka mama yake anaitambua sauti. Mwimbaji awe mtoto wa kijijini, na asilale na njaa siku ya kazi.

Bibi aliyekupa hadithi, uliza kwanza kama anakubali. Mlipe kabla ya mpiga picha. Jina lake liandikwe kama mtunzi, si kwenye shukrani. Siku ya maonyesho muweke kiti cha mbele, na akisema umeharibu, irudie.