Heshima kwa Tambara la Mafuta

Mgeni akiushika mshale uliotengenezwa nyumbani, mambo huwa yale yale. Kwanza huupima uzito kiganjani. Kisha hufumba jicho moja na kuuchungulia kwa urefu wake kuona kama umenyooka, hupapasa manyoya, na mwisho hugusa chembe kwa ncha ya kidole na kusema, "Huu unaua." Akiwa mtu wa adabu atausifu pia mng'ao wa uti na kuuliza umepakwa vanishi gani. Mpaka hapo mti umesifiwa, bata mzinga aliyetoa manyoya amesifiwa, mhunzi amesifiwa, na kiwanda cha vanishi kimesifiwa bila kutoa jasho. Aliyefanya kazi yuko chini ya meza, amejikunja, ananuka, na hakuna aliyemwambia karibu.

Nazungumzia tambara. Brashi hununuliwa dukani asubuhi ikaanza kazi mchana, lakini tambara husomea kazi yake miaka. Ni lazima kwanza liwe shati, au shuka, au khanga, livaliwe, lifuliwe, lianikwe, lipigwe juani na mvuani mpaka ile dawa ya kiwandani inayokakamaza nguo mpya itoke yote, na nyuzi zote zenye tabia ya kunyonyoka ziwe zimekwisha kunyonyoka kwa watu wengine. Khanga mpya haifai kitu. Ukiimwagia vanishi inateleza juu yake na kwenda zake. Nguo za nailoni hazinywi. Fulana za kampeni nazitahadharisha kwa namna ya pekee, kwa sababu picha ya mgombea hulainika kwa thina, na si kila mtu angependa kuona sharubu za mbunge kwenye mshale wake. Lakini khanga kuukuu, iliyombeba mtoto mgongoni, ikafunika unga, ikafungwa kiunoni shambani mpaka ikabakiwa na neno moja tu la jina lake, hiyo imefuzu. Ninalo la namna hiyo. Neno lililobaki ni SUBIRA, na vanishi ya pili ikichelewa kukauka huwa nalisoma.

Asiyejua hudhani kupaka mshale ni urembo. Mti hata ukishakatwa, ukachongwa na kukaushwa, hauachi kunywa. Hunywa mvuke wa hewani wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kila unapokunywa huvimba kwa upana, upande mmoja zaidi ya mwingine. Uti wa mshale una unene wa milimita 8 au 9 tu, kwa hiyo hauna mwili wa kuvumilia ulevi huo. Uliokuwa umenyooka Jumamosi unakuta Jumatano umeshapinda. Ncha zake mbili ndizo walevi wakubwa zaidi, maana hapo vijia vya mti vimekatwa na viko wazi. Mshale uliolewa pia huwa mzito kuliko wenzake, hushuka chini ya shabaha, na mwenye upinde huanza kuyalaumu macho yake na kuulizia bei ya miwani.

Hapo ndipo tambara linapoitwa, na linaitwa tangu mwanzo. Baada ya msasa, tambara kavu hufuta vumbi. Likitoka hilo huingia jingine lililoloweshwa maji na kukamuliwa sana, ambalo hupitishwa juu ya uti kwa makusudi kabisa ili kuziamsha nyuzi. Zile nywele za mti zilizolazwa na msasa husimama, uti ukikauka hukwaruza mkono, ndipo msasa laini wa namba 320 huzifyeka. Ukiiruka hatua hii, vanishi ya kwanza itaziamsha yenyewe na kuzigandisha zikiwa wima, na utakuwa na mshale wenye ndevu. Kisha huja tambara la rangi, kama unapenda rangi, halafu lile kuu, la kuziba.

Linavyofanya kazi hilo la kuziba ni jambo la kuangaliwa na watoto wa shule. Huchovywa kidogo, hukamuliwa, huzungushwa kwenye uti na kubanwa kwa vidole, kisha mkono huvuta mara moja tu, kutoka upande wa manyoya hadi upande wa chembe, pasipo kusita. Ukisita, kusita kwako kunakauka pale pale na kila mtu atakuona ulivyokuwa mwoga. Hasa kwa shelaki, ule ute wa wadudu wadogo wa India na Thailand unaoyeyushwa kwa spiriti: spiriti huruka ndani ya dakika chache na haikupi nafasi ya pili. Tabaka linalobaki ni jembamba mno. Likikauka huguswa kidogo kwa msasa, hufutwa tena kwa tambara, hupakwa tena. Mara tatu, basi. Ncha mbili hupewa zaidi.

Brashi, pamoja na heshima zake, iliumbwa kwa ajili ya milango. Kwenye kitu chembamba cha mviringo huacha mistari, huacha michirizi, na huacha nywele zake kama kumbukumbu ya ziara. Wapo pia wanaotumia bomba: hulisimamisha bomba la plastiki lililozibwa chini, hulijaza vanishi, huzamisha uti mzima na kuutundika udondoke. Kazi huenda haraka, sikatai. Lakini bomba halifanyi kazi mpaka lijazwe, na mshale mmoja unahitaji kijiko. Na tone lililojikusanya ncha ya chini hukauka likiwa limevimba, ikawa chembe hakiingii mpaka ukwangue vanishi uliyotoka kuilipia. Zaidi ya hayo, bomba halina hisia. Tambara huupeleka mkono mpaka kwenye mti. Kifundo kidogo kilichopitwa na jicho, vidole hukikuta chini ya khanga.

Maadui wa tambara husema halina uaminifu, kwamba huleta uchafu. Mimi huita kumbukumbu. Tambara lililofuta nta juzi halijaisahau nta hiyo leo, na litaihamishia kwa ukarimu sehemu ile ile ambayo manyoya yanatakiwa kugandishwa. Gundi haishiki juu ya nta wala juu ya mafuta yasiyokauka. Manyoya yatakaa siku mbili kwa heshima ya fundi, kisha yatang'oka angani, mshale ukageuka fimbo. Ni kosa la nani? Tambara lilikumbuka; wewe ndiye uliyesahau. Wenye busara huwa na tambara la nta na tambara la vanishi, na hawayaweki mfuko mmoja.

Ushahidi wa kale upo, tena mzito. Mwaka 1991 wapanda milima katika Alpi, karibu na mpaka wa Austria na Italia, walikuta maiti ya mwanamume aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita, ambaye barafu ilikuwa imemhifadhi. Akaja kupewa jina la Ötzi. Ndani ya podo lake mlikuwa na nyuti 14 za mishale, na kati ya hizo ni 2 tu zilizokamilika, zenye vyembe vya gumegume na manyoya yaliyoshikizwa kwa lami ya mti na kuzungushiwa uzi. Nyingine 12 zilikuwa bado kazi. Wataalamu wana maelezo yao. Mimi nimeangalia mavazi yake: ngozi ya mbuzi, ngozi ya kondoo, kofia ya dubu, viatu vilivyojazwa majani makavu. Hakuna pamba, hakuna kitani, hakuna kitu hata kimoja ambacho kingeweza kuchakaa kikawa tambara. Fundi asiye na tambara hukaa na mishale 12 isiyokwisha mpaka siku yake inamfikia, na siku ya Ötzi ilifika kwa mshale uliomwingia begani. Aliyeupiga, yaelekea, alikuwa amemaliza kazi zake.

Miaka elfu kadhaa baadaye jambo hili lilifika mbele ya mfalme. Roger Ascham, Mwingereza aliyekuja kumfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia, alichapisha mwaka 1545 kitabu chake cha upinde, Toxophilus, akamtunukia Henry VIII. Humo anamwagiza mwenye upinde awe na kitambaa kigumu cha sufu chenye nta, na kila siku ausugue upinde wake mpaka ung'ae, uote gamba la utelezi lisiloruhusu maji wala hali mbaya ya hewa kuingia. Anasema upinde, si mshale. Nakiri hivyo kabla wasomi hawajaandika barua. Lakini mti ni mti na maji ni maji. Na kama unashangaa kwa nini alichagua sufu, kumbuka kwamba Uingereza ya 1545 haikuwa na khanga.

Sisi wa pwani hii ndio tuliostahili kulitetea tambara, kwa maana na vanishi tumekula nayo sahani moja. Katika karne ya 19 sandarusi iliyofukuliwa ardhini, masalia ya utomvu wa misandarusi iliyokufa zamani, ilitoka Mrima ikapitia Zanzibar kwenda Salem kule Marekani, Hamburg na Bombay, ikawa vanishi ya magari ya farasi ya matajiri. Sandarusi ilipimwa, ikachambuliwa, ikaoshwa, ikaandikwa vitabuni na kutozwa ushuru. Tambara lililoipaka juu ya magari hayo halikuandikwa popote. Hadi leo linaingia bandarini bila cheo chake, likijiita bado shati la mtumba.

Hoja moja tu ndiyo inayoninyima usingizi, nayo inatoka Ziwa Eyasi. Wahadzabe hupasha uti wa mshale kwenye moto, huuweka mdomoni, huukunja kwa meno pale ulipopinda, huuchungulia, huurudisha motoni. Mshale ukipinda tena kesho, mwindaji huketi tena chini ya mti na kuunyoosha tena, huku mazungumzo yakiendelea. Hakuna vanishi, hakuna msasa wa namba 320, hakuna tambara, na nyama inaliwa. Nimejaribu kulijibu hilo kwa njia nyingi. Jibu langu bora mpaka sasa ni kwamba watu hao wana meno mazuri.

Sasa hasira za tambara. Shelaki hukauka kwa spiriti kuruka, ila mafuta ya kitani hayakauki hivyo. Hukauka kwa kula oksijeni ya hewani, na katika kula huko hutoa joto. Juu ya mshale joto hilo hupotea bila mtu kulijua. Lakini ndani ya tambara lililofinyangwa na kutupwa pembeni, joto halina pa kutokea, hujilimbikiza saa kwa saa, na tambara linaweza kuwaka lenyewe usiku, pasipo kiberiti wala cheche. Hapa naacha mzaha. Tarehe 23 Februari 1991, huko Philadelphia, matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakisafisha mbao za ukutani yaliwasha moto katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38. Moto uliwaka kwa saa zaidi ya 18, na askari wa zimamoto 3 hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo tambara la mafuta halitupwi. Hutandazwa kipande kimoja kimoja, nje, mbali na ukuta, mpaka likauke na kukakamaa. Au huzamishwa kwenye kopo la bati lenye maji na kufunikwa. Msasa ukikosewa heshima huchanika, brashi hukakamaa, gundi huganda ndani ya chupa, yote manung'uniko ya watumishi. Ni tambara peke yake lenye hasira za kifalme, na mazishi yake yana masharti kuliko ya baadhi ya machifu. Tofauti ni kwamba majirani hawaji kutoa pole. Huja kuuliza kwa nini umeanika takataka kwenye uzio.

(Kuna wanaokwepa hatari hii kwa kupaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Mshale wao huwa salama, hunukia vizuri, na huwateleza mkononi hadi mwaka ujao.)

Khanga yangu ya SUBIRA imebakiza kazi chache kabla ya kwenda kutandazwa kwa mara ya mwisho, na mrithi hajapatikana. Shemeji yangu ana shati la pamba, la mistari ya buluu, lililofuliwa hadi kola imelala yenyewe, na kila akija kutusalimu huwa namkaribisha kwa furaha ambayo bado hajaielewa. Nimemwambia kwamba shati linampendeza lakini linamzeesha. Mke wangu ameniambia nimwache kaka yake avae nguo zake kwa amani. Juzi kifungo cha pili kilidondoka sebuleni, wenyewe wakiwa wanatazama mpira. Nilikiokota na kukitia mfukoni.