Heri Picha Iliyotikisika

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa wapiga picha wa maua ya porini, methali hii yafaa isomwe kama onyo. Picha nzuri ya ua hujiuza yenyewe mtandaoni, na ikisha kujiuza huliuza na ua. Ndiyo maana nashikilia hoja ambayo najua itawaudhi wenye kamera za bei mbaya: kati ya picha zote za ua la porini, iliyo salama kuposti ni ile iliyoharibika. Bahati njema, ndiyo rahisi kuipata. Ua la porini halina subira ya bibi harusi. Upepo hulitikisa papo hapo kidole kinapogusa kitufe. Simu ikilisogelea mno hushindwa kulilenga, badala yake ikatoa kwa ufasaha wa ajabu jani kavu lililo nyuma yake. Wekundu mkali huilemea kamera, petali zote zikatoka kama doa moja la wino. Ukipiga adhuhuri ili upate mwanga, kivuli cha kichwa chako hujilaza katikati ya ua. Ukipiga magoti kukikwepa, siafu hukuarifu kwamba njia ile ina wenyewe.

Ushahidi wangu wa kwanza uko mbali, katika jimbo la California nchini Marekani. Machi 2019, baada ya msimu wa mvua nyingi, vilima vya Walker Canyon karibu na mji wa Lake Elsinore vilifunikwa na mipopi ya rangi ya chungwa. Picha zilizotoka huko zilikuwa safi kupita kiasi: mtu kaketi katikati ya maua, uso kauelekeza machweo, nguo imekwenda sare na petali. Kila aliyeziona alitaka yake. Mwisho wa juma watu wakafurika kwa makumi ya maelfu, barabara kuu ikakwama, na wakuu wa mji wakalazimika kuifunga njia kwa muda. Hesabu yake ni nyepesi. Ili upigwe picha ukiwa katikati ya maua lazima kwanza ufike katikati, na katikati ya maua hapana ujia. Mpopi ule aghalabu huishi msimu mmoja; ukikanyagwa kabla ya kukomaza mbegu, umekanyagwa pamoja na watoto wake. Vilima vilipochanua tena mwaka 2023, mji haukungoja kuombwa. Uliifunga Walker Canyon mapema. Sijasikia bonde lililofungwa kwa sababu ya picha yenye kidole gumba pembeni.

Ushahidi wa pili uko nyumbani, katika uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, yenye spishi za mimea zipatazo 350, zikiwamo okidi 45 za ardhini. Mvua za Desemba hadi Aprili huyafumbua maua hayo kwa zamu. Huko adui mkubwa haji na fimbo ya selfi, huja na jembe. Viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa mpaka kwenda Zambia, ambako hutwangwa, vikachanganywa na karanga na pilipili, vikapikwa kuwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama keki. Simlaumu mlaji, maana mwenye njaa haulizi kiazi kilizaliwa wapi. Lakini okidi iliyong'olewa kiazi imekwisha, na mrithi wake hana haraka: mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Simu nayo, ikiruhusiwa, huandika ndani ya faili ya picha mahali hasa ilipopigwa. Mpiga picha akiongeza kwa ukarimu kwamba ni kushoto baada ya daraja, chini ya jiwe jeupe, amekwisha kumchorea mchimbaji ramani. Imebaki kumchemshia chai.

Nitaambiwa kwamba picha nzuri ndizo huleta watalii, na watalii ndio huleta fedha za kulinda hifadhi. Ni kweli, wala siombi Kitulo ifichwe kama kibubu cha bibi. Uwanda mzima upigwe picha kwa ustadi wote, na mawingu yake na vilima vyake. Hakuna anayeweza kuutia uwanda kwenye gunia. Ninachotetea ni ua moja moja, lile adimu lililojificha kwenye nyasi. Mwingine atasema wataalamu wa mimea wanahitaji picha safi ili kuitambua spishi. Wanazihitaji, tena za ua, za jani na za shina. Lakini mtaalamu hakai kwenye stetasi yako akisubiri. Ipo mitandao ya wapenda viumbe, kama iNaturalist, ambayo huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Picha safi iende huko. Stetasi ipewe ile iliyotikisika.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, ambalo watu hawalisemi kwa sauti: aibu. Nani atabonyeza kidole cha kupenda kwenye doa jekundu lenye ukungu? Jibu ni kwamba watabonyeza walewale wanaobonyeza siku zote. Shangazi yako huandika "Mashallah" hata chini ya picha ya ndoo. Zaidi ya hayo, picha safi hupendwa na kupitwa, hali picha mbovu huzua maswali. Ataandika mtu, "Hiki ni nini, moto?" Hapo mwenye picha hana budi kueleza: ni ua, lina petali kadhaa, huchanua mvua zinapokolea, lilikuwa likicheza na upepo. Na ili aweze kueleza, itambidi awe alilitazama ua lenyewe, si kioo cha simu peke yake. Akiulizwa liko wapi, ajibu kwa usahihi uleule wa picha yake: huko juu, kwenye ukungu.