Fromaji Iliyopitia Nairobi

Simu ya mtoto wa dada yangu inadanganya kwa adabu sana. Iulize umbali wa ndege kutoka Goma hadi Kinshasa, itakujibu bila kusita: kilometa kama 1,560, saa mbili na dakika chache angani. Inachora na mstari, umenyooka kutoka Ziwa Kivu hadi uwanja wa ndege wa N'djili.

"Tonton, ona mwenyewe. Masaa mbili tu!"

Mstari hauombwi pasipoti. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wetu umefungiwa abiria. Uwanja wenyewe una mkosi wa zamani: mwaka 2002 Nyiragongo iliumwagia lava ikameza sehemu ya njia ya kurukia, ndege zikabaki kujibana kwenye kipande kilichosalia. Lakini volkano angalau ilituachia kipande.

Sasa ukitaka kufika mji mkuu wa nchi yako, kwanza unatoka nchini. Unavuka mpaka hadi Gisenyi ukiburuta valizi, unapanda basi la Kigali, kona juu ya kona kupitia Musanze, saa tatu ukibahatika. Huko hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa kuwa Kinshasa imezifungia anga ndege zilizosajiliwa Rwanda. Basi mtu wa kwenda magharibi anapelekwa mashariki, Nairobi, kilometa kama 760, anasinzia kwenye kiti cha chuma, kisha anarudishwa alikotoka kwa kilometa 2,400 nyingine. Weka rula kwenye ramani: mstari wa Nairobi na Kinshasa unapita jirani kabisa na Bukavu. Yaani nalipa dola zote hizo ili nipite juu ya paa la mama mkwe bila hata kumpungia mkono!

Saa nazo zina vituko vyake. Nairobi wanakuongezea moja, Kinshasa wanakunyang'anya mbili, tumbo linabaki halijui lidai chai au ugali.

Aliyeonewa kuliko wote ni fromaji, jibini yetu. Mtu wa Goma haendi kwa ndugu mikono mitupu, na fromaji ya Masisi zamani ilifika siku hiyo hiyo, ngumu na safi. Yangu ilikaa mapajani basi zima ikitoa jasho. Kwenye mashine ya kukagua mizigo askari waliiona ya mviringo, nzito, wakataka niifungue. Niliifungua. Waliniomba niifunge. Nairobi, bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa kiti cha pili alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande ule mwingine.

Shemeji yangu wa Kinshasa aliipokea kwa mikono miwili, akafunua gazeti, akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, hii kweli ni ya Masisi?"

"Ni ya Masisi. Imepitia Nairobi."

Akakata kipande chembamba, akakitafuna polepole huku amefumba macho, kisha akanishukuru kwa heshima zote na kuniomba siku nyingine nilete samaki, sambaza wakavu.