Matajiri wa Kalamu

Aprili 2014 Wanaijeria walilala wakiwa nyuma ya Afrika Kusini, wakaamka na uchumi mkubwa kuliko wote barani. Hakuna kiwanda kilichozinduliwa usiku ule. Watakwimu walihamisha tu mwaka wa kizio kutoka 1990 hadi 2010, wakaziingiza ipasavyo simu za mkononi na filamu za Nollywood, na pato la taifa likavimba kwa asilimia 89, likapita dola bilioni 500.

Jenereta ziliendelea kunguruma vilevile.

Kenya nayo haikukubali kuachwa. Septemba mwaka huohuo ilikokotoa upya, ikajiongezea asilimia 25 na kuingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Mama mboga wa Marikiti alipandishwa daraja akiwa amekaa palepale, sukuma wiki yake bei ileile.

Tusiwaonee watakwimu: hesabu za zamani ndizo zilizokuwa zimechakaa. Kasheshe ni wanasiasa, waliopokea pongezi kana kwamba wamelima wao. Kisha 2023 naira, sarafu ya Nigeria, ikaachiwa ielee sokoni, ikaporomoka, na 2024 IMF ikaiweka Nigeria ya nne, nyuma ya Afrika Kusini, Misri na Algeria. Safari hii, kwa wanasiasa, sababu ikawa soko la dunia.