Koti la Bi Robota

Msomaji mwenzangu, hasa wewe uliyeoa kwa watu wa mitumba, sogea karibu nikueleze yaliyotukuta, maana naamini utanielewa kuliko wengine. Mke wangu, Mama Nuru, amelelewa Tanga katikati ya marobota ya nguo. Mama yake alikuwa akiyafungua sokoni huku yeye yumo mgongoni, na mpaka leo akishika kitambaa kwa vidole viwili anakwambia hii pamba tupu, hii imechanganywa, wala lebo hajaitazama. Tulipohamia Minneapolis kipaji hicho hakikulala. Kilihamia Goodwill.

Goodwill ni maduka ya vitu vilivyotolewa na watu, na mapato yake yanasaidia kufundisha watu kazi. Mchungaji Edgar Helms aliyaanzisha Boston mwaka 1902. Mama Nuru anapita kwenye safu ya makoti akipapasa mikono ya nguo tu, macho yako kwangu, mdomo uko kwenye bili ya umeme. Ghafla mkono unasimama. Hapo moyo wangu hushuka, kwa sababu najua vazi la jeshi limepatikana na kabati letu halina nafasi.

Anapenda nguo za zamani za jeshi la Marekani kwa sababu moja ambayo hata mimi siwezi kuipinga: zilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi. Shati la kijani la kazini, lile liitwalo OG-107 lililoanza mwaka 1952, ni pamba nzito inayozidi kulainika kila inapofuliwa. Tena lebo yake inasema kweli. Ukikuta maandishi ya DSA 100, halafu 68, hiyo 68 ni mwaka wa mkataba wa kuishona. Ukikuta DLA, hiyo ni ya mwaka 1977 kuja huku. Koti linalojiita la kijeshi na ndani halina namba yoyote ya mkataba, Mama Nuru analirudisha kwenye henga kimyakimya na kulifunika kwa sketi ya mtu.

Mwisho wa mwaka akapata M-65. Ni koti la uwanjani lenye mifuko minne mbele, zipu ya shaba, kamba za kukazia kiunoni na bitana ya kufungwa kwa vifungo inayotoka na kurudi. Alilileta nyumbani kwa dola 20 na uso wa bibi harusi. Mtoto wetu wa kiume, tunayemwita Jenerali kwa sababu amri zake hutolewa akiwa kitandani, alilivaa kabla sahani hazijaondolewa mezani, akatangaza kwamba kesho anakwenda nalo shule. Mama yake akasema koti ni lake. Jenerali akasema mabega yanamkaa yeye. Dada yake Nuru akasema lipigiwe kura. Mimi nilikuwa natafuta chumvi.

Mgogoro ule haujapoa, Januari akaingia Bi Robota mwenyewe, mama mkwe wangu. Jina hilo wajukuu ndio waliompa naye analipenda. Alitua na kanga zake, sandali, na sweta jepesi, nje kukiwa na baridi inayogandisha kope za mtu. Nilimvua sweta mlangoni, na kilichokuwa karibu kwenye kigingi kilikuwa lile koti. Akavaa. Basi! Ugomvi wa koti ukafutwa siku hiyohiyo. Jenerali alijaribu kulalamika, bibi yake akamwambia, “Mume wangu, wewe una damu ya moto, mwache mkeo apate joto,” na kesi ikafungwa.

Usiku alilipanua kitandani akalikagua kama anavyokagua robota. Kifuani upande wa kushoto palikuwa na utepe wa U.S. ARMY. Upande wa kulia jina limeng'olewa, pamebaki kipande cha mstatili chenye kijani kilichokolea zaidi, kwa kuwa pale jua halikufika, na vitundu vya sindano vimezunguka kingo zake. Ndani ya shingo, kwa wino uliofifia, herufi moja na tarakimu nne. Nikamwambia kwamba askari wengi walikuwa wakiandika hivyo, herufi ya jina la ukoo na tarakimu za mwisho za namba ya utumishi, ili nguo isipotee kwa dobi.

Akakaa kimya akipapasa ile sehemu. Baba yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma mwaka 1944, akarudi Tanga na kabuti zito alilolivaa mpaka uzeeni, hata kwenye joto la Desemba, na watoto hawakuruhusiwa kulisogelea. “Mwanangu,” akaniambia, “nguo ya mtu haivaliwi kavukavu. Huyu ana mama aliyemzaa.”

Asubuhi nikamkuta amewasha chetezo.

Wewe wa pwani unajua kufukiza nguo. Mkaa, udi, nguo imetandazwa juu, moshi unapanda taratibu, na nyumba nzima inanukia Idi. Koti lilikuwa na harufu ya stoo ya miaka mingi, na ninasema kwa moyo mmoja kwamba dawa yake ni udi. Lakini nyumba za Marekani zina king'ora cha moshi darini, na king'ora hakitofautishi udi na ajali. Kikalia cha kwetu, kikaamsha cha ukumbini, na jengo zima likaanza kupiga kelele. Mama Nuru akafungua dirisha, theluji ikaingia. Nuru akapunga taulo. Jenerali, ambaye huwa haamki hata kwa maji, alikuwa wa kwanza kufika barabarani.

Tukatoka sote, ghorofa zote, katika baridi ile, na Bi Robota katikati yetu amevaa kanga mbili, soksi zangu, na M-65 linalotoa moshi mwembamba kwenye kola. Chetezo amekibeba mkononi. Hakukubali kukiacha.

Zimamoto walipoingia kukagua, mzee mmoja wa ghorofa ya pili akamsogelea. Huwa tunasalimiana kwenye lifti tu. Akalitazama koti, akaomba ruhusa kwa ishara ya mkono, kisha akageuza mkono wa koti na kufunua pembe ya kitambaa iliyokunjwa ndani, akaivuta ikafunika kiganja cha Bi Robota mpaka karibu na vidole. Mimi niliyeishi na koti lile sikuwahi kuiona. Halafu akafungua zipu iliyofichwa ndani ya kola, akatoa kofia nyembamba, akamvika juu ya kanga. Akasema aliwahi kuwa na koti kama hilo alipokuwa kijana jeshini, na kwamba lake halikuwahi kunukia vizuri hivi. Nikatafsiri. Bi Robota akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili, na yule mzee akainamisha kichwa mpaka ikaisha. Jioni akapelekewa pilau, na tangu hapo hupelekewa kila Ijumaa. Nani wa kuipeleka? Mimi.

Ilipokaribia safari ya kurudi, nilijua kuna jambo gumu. Lushoto kwa dada yake kuna baridi, na koti lingemfaa. Ila kwetu Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye nazo kuzisalimisha. Kenya na Uganda nako sheria inakataza. Nilijipanga kumweleza kwa upole. Sikuhitaji. Alishaliondoa begini mwenyewe. Miaka yote ya soko, akikuta suruali ya mabaka ndani ya robota, hakuitundika hata siku moja. “Mimi nimefanya biashara mpaka nimezeeka, nisianze kuhojiwa uwanja wa ndege kwa ajili ya baridi.”

Kabla ya kuondoka akakata shauri. Koti litamsubiri kwa safari yake ijayo. Kwa sasa Jenerali alivae siku za shule, kwa sharti kwamba pale pa jina pasibandikwe chochote, wala beji wala kikaragosi. Jumamosi na Jumapili ni la Mama Nuru. Nuru apewe shati la OG-107 lililokuwa langu, kwa kuwa anasoma uchoraji na rangi haionekani sana kwenye kijani. Nami nimepewa bitana, ile inayofungwa kwa vifungo ndani ya koti. Ni bitana nzuri, nyepesi, ina mikono kabisa, na inatosha kukaa nayo sebuleni usiku kucha, mradi kukicha Jumatatu niwe nimeshairudishia vifungo vyake vyote, maana Jenerali basi lake linapita saa moja kasorobo.